Tuzo za fasihi India: kila lugha na yake, au wote wagombanie moja?

Huku nje tukisikia mwandishi wa India kapata tuzo tunafikiria Booker tu, ile tuzo ya vitabu ya Uingereza, kumbe kule ndani wana tuzo zao na ubishi wake hauishi, hasa ukizingatia nchi ina lugha kibao.

Kuna Sahitya Akademi, chombo cha serikali kilichoanza 1954, hawa wanatoa tuzo kwa lugha 24 kila moja na kitabu chake, na hela ni ileile kwa wote, rupia laki moja pamoja na kibao cha shaba alichokibuni Satyajit Ray, ndio, yule wa sinema. Kihindi laki moja, Kibodo, lugha ndogo ya kaskazini mashariki, laki moja. Halafu kuna Jnanpith ya taasisi binafsi, ilianza kutolewa 1965 kwa mshairi wa Kimalayalam, G. Sankara Kurup, hapa sasa lugha zote zinagombania tuzo moja na mzigo ni laki 11.

Wanaoponda utaratibu wa Akademi wana hoja, tusiwanyime. Sensa ya 2011 waliosema lugha yao ya mama ni Kisanskriti walikuwa watu 24,821 nchi nzima, wa Kihindi walikuwa milioni 528, na wote wanatengewa tuzo moja kwa mwaka! Mwandishi wa Kihindi anapigana na umati, mwenzake wa Kisanskriti anapigana na watu anaowajua kwa majina, na majaji ni watatu tu kwa kila lugha, sasa kwenye lugha ndogo ambako waandishi na majaji wanakunywa chai meza moja unadhani maneno ya kupeana zamu yatakosekana? Hata kuingia kwenye hiyo orodha ya 24 ni siasa. Kibhili kina wasemaji zaidi ya milioni 10 na hakimo, Kibhojpuri kina kama milioni 50 ila sensa inakihesabu ndani ya Kihindi, na hata Kikachi, hiki tunachokisikia kwa Wahindi wa Mombasa na Zanzibar, nacho hakimo. Kisantali na Kibodo viliingizwa 2003 kwenye orodha ya lugha zinazotambuliwa na katiba baada ya wenyewe kudai sana, ndo na tuzo ikafuata. Wa nje ya orodha wanapewa Bhasha Samman, tuzo nyingine ya Akademi, ambayo mi naiona kama ya kuwapoza.

Ila geuza upande wa pili uone. Tuzo moja kwa lugha zote, nani atasoma? Hakuna jopo la watu wanaojua lugha zote hizo, kwa hiyo mtu anategemea tafsiri na maelezo ya kamati ya kila lugha. Matokeo yake Kikannada, lugha ya jimbo la Karnataka kusini, kina Jnanpith nane, wakati Kitamil, fasihi ya miaka elfu mbili, kilipata 1975 kwa Akilan kikakaa kusubiri mpaka 2002 kwa Jayakanthan. Kweli miaka 27 hakukuwa na mtu?

Na Booker ndo kabisa. Mwaka 2025 Banu Mushtaq, mwanasheria wa mji wa Hassan huko Karnataka anayeandika kwa Kikannada kuhusu wanawake wa Kiislamu, alichukua International Booker, pauni 50,000 akagawana nusu kwa nusu na mtafsiri wake Deepa Bhasthi. Haki kabisa wagawane, maana bila Deepa majaji wa London wasingekuwa na cha kusoma. Lakini akademi ya fasihi ya jimbo lake ilishampa tuzo tangu 1999! Watu wanaosoma Kikannada waliona miaka 26 kabla, dunia ikaja kuona Kiingereza kilipofika. Ndo maana nikisikia tuzo za lugha ni za kijijini huwa nashangaa, zile zinasoma kitabu chenyewe.

Tena uzito wa tuzo hizi ulionekana 2015. M. M. Kalburgi, msomi wa Kikannada aliyewahi kupewa tuzo na Akademi hiyohiyo, alipigwa risasi nyumbani kwake Dharwad, Akademi ikawa kimya, waandishi zaidi ya 30 wakarudisha tuzo zao. Waziri Arun Jaitley akasema ni uasi wa kutengenezwa, na kweli wengine walihoji mbona enzi za serikali zilizopita hawakurudisha. Sawa, hoja ipo. Ila kama ni kibao tu cha shaba, waziri mzima angehangaika kujibu?

Mi ningeacha kila lugha na yake. Kuhusu Kisanskriti dawa ipo tayari, Akademi inaweza kuruka lugha mwaka ambao hakuna kitabu cha maana na imeshafanya hivyo mara nyingi, basi itumie hiyo bila aibu, majaji nao waandike hadharani kwa nini wamechagua kitabu fulani. Halafu Kibhili na Kibhojpuri viingie, kusubiri katiba si lazima, maana Kirajasthani hakimo kwenye orodha ya katiba mpaka leo na Akademi inakipa tuzo kila siku.