Sogea tuishi na macho ya majirani

Wanaolaani sogea tuishi, yaani kuishi pamoja bila ndoa, wana hoja ambayo vijana wengi wanaikwepa. Mahari, hata iwe ndogo kiasi gani, huleta mashahidi: wajomba, mashangazi, mshenga. Siku mwanaume akiamua kuondoka, wapo wa kumuuliza. Binti anayehamia geto la Ng'ong'ona, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, na begi lake na mtungi wa gesi, hana mshenga wa kumpigia simu. Mimba ikiingia, ni yeye anayerudi kwao Kondoa au Mpwapwa. Wazee wakilisema hilo tunawaita washamba, wakati wamepiga hesabu sawasawa.

Shaka yangu ni kwa maadili yanayochagua wa kumsema. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wapo watumishi waliokuja peke yao, familia zikabaki Dar es Salaam. Bwana mwenye pete anayelala kwa mwingine Area C hasemwi kwa ukali anaosemwa nao mwanafunzi wa mwaka wa pili, ambaye pengine hajamdanganya mtu yeyote. Kati ya hao wawili, aliyevunja ahadi ni mwenye cheti cha ndoa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina busara kuliko mahubiri mengi. Kwa kifungu cha 160, mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kama mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitike vinginevyo. Hata ikithibitika kuwa hawakuoana, mwanamke anaweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto. Na ushahidi wenyewe ni nini? Ni mama wa genge aliyezoea kumwita binti "shemeji", ni balozi wa nyumba kumi, ni mwenye nyumba. Umbea wa mtaa, kumbe, una kazi mahakamani.

Hapo ndipo watetezi wa "ni siri yao wawili" nao wananichosha. Siri hiyo inamfaa nani? Kijana anayemwambia mwenye nyumba kuwa huyu ni binamu yake anajilinda yeye. Miaka ikipita, nani atasimama kusema aliwajua kama mke na mume? Ila na sisi tunaowapaka aibu ndio tunaowafundisha kujificha.

Mchungaji au shehe akitaka kunishawishi, aanze kwa kumuuliza kijana: kwenu wanamjua huyu binti? Ya kitandani sioni yanamhusu nini.