Kubana pumzi kwenye tiba ya mionzi: dakika za nani?

Mgonjwa wa saratani ya titi la kushoto amelala chali, mikono juu ya kichwa. Kwenye spika anasikia: "Vuta pumzi, mama. Bana." Kwa sekunde kama 20 mapafu yamejaa, moyo umesogea mbali na ukuta wa kifua, na hapo ndipo mionzi inapigwa. "Haya, pumua." Mashine inasimama, kisha wanarudia.

Wapo wanaouona huu kuwa usumbufu, na hoja zao si za kupuuza. Mgonjwa anakaa mezani muda mrefu zaidi, na palipo na foleni dakika zake zinatoka kwa anayesubiri nje. Mwenye pumu au mzee anayechoka haraka huenda asiweze. Tena akibana nusunusu, titi halikai pale lilipokuwa siku ya picha za CT za kupangia matibabu, na hesabu yote ya dozi inayumba.

Lakini moyo nao una deni lake. Mwaka 2013 Sarah Darby wa Oxford na wenzake, wakifuatilia wanawake wa Sweden na Denmark, walionyesha kwamba kila grei moja (kipimo cha dozi ya mionzi) ya wastani inayoufikia moyo iliongeza hatari ya matatizo makubwa ya mishipa yake kwa asilimia 7.4. Tusitishane, hata hivyo: nyongeza hiyo inapimwa juu ya hatari aliyonayo mtu tayari. Kwa kijana asiye na presha wala sigara ni ndogo. Kwa mwenye kisukari na presha ni jambo la kukaa chini na kulijadili.

Wapo pia wanaosema vifaa ni ghali; hoja hiyo siikubali. Utafiti wa HeartSpare wa Royal Marsden, Uingereza, ulilinganisha kifaa cha kudhibiti pumzi na mgonjwa kubana mwenyewe kwa maelekezo tu. Moyo ulikingwa sawa, na njia ya bure ilikuwa ya haraka zaidi na ndiyo iliyopendwa na wagonjwa na wataalamu. Kinachohitajika ni mtu wa kumfundisha mgonjwa kwa lugha anayoielewa.

Hata foleni ina jibu. Utafiti wa saratani ya titi uitwao FAST-Forward, 2020, ulionyesha kuwa grei 26 kwa siku 5 hazipitwi na grei 40 kwa siku 15. Siku 10 zikiokolewa, dakika chache za kubana pumzi si ubadhirifu.

Kwenye mapafu hesabu ni nyingine kabisa. Uvimbe ulio karibu na kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, unaweza kupanda na kushuka zaidi ya sentimita moja, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi pumzi hana. Hapo ni afadhali kupiga CT inayofuata mzunguko mzima wa kupumua, kisha kupanua eneo la mionzi lifunike njia yote ya uvimbe, ingawa sehemu ya pafu isiyo na ugonjwa nayo itaguswa. Mwongozo wa wanafizikia tiba wa Marekani wa 2006 uliweka mpaka wa mwendo wa milimita 5. Mwendo wa uvimbe usipozidi hapo, mwacheni mgonjwa aheme anavyohema.