Mwacheni nyigu amburute buibui wake

Juzi kwenye grupu letu la wakulima wa parachichi hapa Rungwe mtu katuma video, nyigu mweusi mwenye mabawa ya rangi ya kutu anamburuta buibui aliyemzidi ukubwa, kinyumenyume vumbini, halafu jamaa anasogea na bomba la dawa anamnyunyizia mpaka anaacha kutikisika. Watu wakapiga makofi. Nimekereka sana.

Jamani, huyu sio mavu wa kwenye paa. Mavu wanaishi wengi, ukigusa kiota wanatoka wote kukilinda, sasa sisi tunaogopa kila kinachofanana nao. Huyu anaishi peke yake, hana kundi la kutetea na wala hakutafuti. Dume hana mwiba kabisa, jike ndo anachoma, na ukimwacha na njia yake atapita zake. Haya, wale wakubwa wakikuchoma utalia, hilo siwezi kubisha, Justin Schmidt, mtaalamu wa wadudu wa Marekani, alipanga maumivu ya wadudu kwa namba mpaka 4 na ndugu zao wa kule aliwapa 4 kamili. Ila makali yake yanapoa ndani ya dakika chache, na mwiba ule ni wa kuwindia buibui.

Mwangalieni tu akiwa kazini. Miguu mirefu yenye vimiba, antena zinapapasa ardhi, mabawa yanatetemeka, anakimbia, anasimama, anakimbia tena. Akimpata buibui anamchoma kwa chini penye mishipa ya fahamu, buibui anapooza ila hafi, nyama inabaki mbichi. Anamvuta mpaka shimoni, anataga yai moja juu yake, anafukia. Funza akitoka anamla taratibu na viungo vinavyomweka buibui hai anavimalizia mwisho ili chakula kisioze. Buibui mmoja, mtoto mmoja! Ina maana yule wa kwenye video alishamaliza uwindaji, alikuwa anapeleka chakula cha mwanae. Na tayari ana maadui wa kumtosha, kuna nyigu wa ukoo wake huohuo, Ceropales, wanavizia mzigo ukiwa njiani wanapenyeza yai lao kwenye mapafu ya buibui, na Evagetes wanafukua shimo lililofukiwa, wanakula yai la mwenyewe, wanataga la kwao.

Mmoja grupuni kasema buibui wanatusaidia kula wadudu shambani kwa hiyo anayewaua ni adui. Kuna ukweli kidogo, ila buibui hawajawahi kuisha kwa sababu yake.

Na huyu nyigu akishakua hali nyama, anakunywa nekta, anazunguka mauani. Afrika Kusini kuna maua ya okidi yanayochavushwa na hawa wakubwa, Hemipepsis, na sisi tuna hifadhi ya Kitulo hapo juu tunajisifia okidi kila siku.

Nyuki tunawatetea kwa sababu ya asali, kila kikao tunakumbushana tusipige dawa maua yakiwa wazi. Kikao kijacho nataka na huyu atajwe, iandikwe kabisa kwenye muhtasari.