Kibofu Hakingoji Kengele

"Mzazi awe anakuja mwenyewe kumtoa mkojo." Shule husema hivyo kwa upole kabisa, kana kwamba imekufanyia hisani. Maana yake mama wa mtoto mwenye mgongo wazi (aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri, neva za kibofu zikaathirika) aache kazi, akae getini na katheta, ule mrija mwembamba wa kutolea mkojo, kwenye mkoba mpaka mtoto amalize shule.

Na kazi yenyewe ni ipi? Kibofu hutolewa mkojo kila baada ya saa 3 au 4. Aliyetolewa nyumbani saa 12 asubuhi atahitaji saa 4, kisha saa 7 na nusu. Mara 2, dakika 10 hadi 15 kila mara. Unanawa kwa sabuni, unampangusa (msichana, mbele kwenda nyuma), unapaka katheta jeli inayoyeyuka kwenye maji, si mafuta ya mgando. Unaiingiza taratibu mpaka mkojo utoke, kisha unaisogeza sentimita 1 au 2 zaidi. Ikigoma usilazimishe, mwambie avute pumzi, msuli ulegee. Wengi huharibu mwishoni: mkojo ukipungua tu, wanachomoa. Vuta polepole, ukianza kutoka tena simama. Kinachobaki chini ndicho kinachozaa maambukizi.

"Hapa si hospitali." Ni kweli, wala haihitajiki. Tangu 1972 daktari wa mfumo wa mkojo Jack Lapides na wenzake kule Michigan, Marekani, walionyesha kuwa usafi wa kawaida unatosha. Hatari kubwa ni kibofu kuachwa kikajaa kupita kiasi. Ndiyo maana "subiri mtihani uishe" inanichefua. Mtoto huyu mara nyingi hahisi kubanwa, hivyo hatanyoosha mkono. Presha inapanda kimyakimya, mkojo unarudi juu, na figo zinaumia bila yeye kulia hata mara moja. Kinachofuatwa ni saa ya ukutani.

Kumnyima maji ili asilowe ni ujinga mwingine: mkojo unakuwa mzito, choo kinakuwa kigumu, na utumbo uliojaa unakikandamiza kibofu.

Glavu zisiwe za mpira wa lateksi. Wengi wa watoto hawa wana mzio nao. Maputo ya sherehe vilevile.

Haya, nakubali: mwalimu hakuajiriwa kuwa muuguzi, na hofu ya kutuhumiwa kumgusa mtoto vibaya si ya kubuni. Basi iandikwe. Idhini ya mzazi yenye sahihi, watu wazima 2 waliofundishwa ili mmoja akiugua mwingine awepo, na daftari: saa, mililita, rangi, harufu. Kibofu cha mtoto wa miaka 8 hukadiriwa kubeba mililita 300 hivi. Daftari likionyesha 450 kila siku, mmechelewa, mpigieni mzazi leo.

Tena wengi wenye mikono mizuri hujifunza kujitoa mkojo wenyewe wakiwa bado shule ya msingi. Hapo shule inadaiwa choo chenye mlango unaofungwa, maji, sabuni, kimeza cha kuwekea vifaa, kioo kidogo kwa msichana, na ruhusa ya kutoka darasani bila kuulizwa mbele ya wenzake. Kama bajeti imekwama kwenye komeo la mlango, tuambiwe tulinunue.