Mnyauko wa migomba hautibiwi na mtu mmoja

Tangu mnyauko wa bakteria uonekane kwenye migomba ya Mukono mwaka 2001, mbinu za kuudhibiti zimefundishwa Uganda mara nyingi. Mbinu ni nzuri. Zinashindwa pale kaya moja inapozifuata na majirani wote wakakaa kimya. Ndiyo maana tunasema vita hivi ni vya kijiji kizima.

Nyuki na wadudu wengine hufuata utamu wa ua dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, wakabeba bakteria mgomba hadi mgomba, na mpaka wa shamba hawaujui. Panga lililopogoa mgomba mgonjwa asubuhi huenda likaazimwa mchana. Chipukizi linaloonekana zima laweza kuwa limeshaambukizwa, nasi tumezoea kupeana machipukizi kwa moyo mweupe.

Dalili ni majani kugeuka njano na kulegea, na ndizi kuiva kabla ya wakati, nyingine zikiwa bado kijani kwenye mkungu uleule. Ukizipasua, ndani zina rangi ya kahawia. Ukikata shina na kungoja dakika chache, hutoka utomvu wa njano kama usaha.

Kikundi cha majirani kipite kila shamba mara moja kwa juma, na ndoo yake ya dawa: sehemu moja ya Jik, dawa ya kung'arishia nguo, kwa tano za maji. Pasipo Jik, chuma kipitishwe kwenye moto hadi kisishikike. Panga lisafishwe baada ya kila mgomba. Wengi huliosha wakitoka shambani tu, na hapo wameshausambaza ugonjwa safu nzima.

Ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, bila panga, mara tu chane ya mwisho inapotokea. Muanze na kayinja, ndizi ya pombe, maana huambukizwa upesi kupitia ua na mara nyingi haina mtunzaji.

Shina lenye dalili likatwe usawa wa ardhi, na kiini chake kiharibiwe lisichipue tena. Msing'oe shina zima, mtajeruhi mizizi ya mengine. Mabaki yabaki hapohapo yakauke, mbuzi wasiyafikie. Mashina mengine yataugua baadaye kwa kuwa yalishaambukizwa. Kazi hii ni ya miezi, na wanaokata tamaa mapema huamini kimakosa kwamba mbinu hizi hazifai.

Wapo wanaotaka anayeficha ugonjwa atozwe faini. Hatukubaliani nao. Anayeficha mara nyingi hana chakula kingine ila matooke yake, na kuyakata ni kumwachia sufuria tupu. Kikundi kije na panga, kije pia na mbegu za maharage za kujaza mapengo: yatafunika udongo usichukuliwe na mvua, na baada ya miezi mitatu hivi yatalika. Pale palipougua, mche safi usubiri kama miezi sita, kisha uhesabu mwaka au mwaka na nusu hadi mkungu. Muda wote huo jirani aletewe ndizi bila kuomba.

Buganda tayari ina bulungi bwansi, siku ya kufyeka njia na kusafisha visima. Saa mbili za siku hiyo ziende kwenye migomba, zikianzia kwa mjane asiye na wa kumshikia panga.