Mwanafunzi wa mwaka wa pili ana kazi kwenye utafiti wa kifafa

Wapo wahadhiri hapa Moshi wanaoona kumwingiza mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwenye utafiti wa kifafa ni kupoteza muda. Hawajakosea kabisa. Likizo ni fupi, kibali cha maadili hakitoki kesho, na kijana akishaanza kuelewa mawimbi ya ubongo anarudi darasani. Wengine huishia kuwa makarani wa kujaza data, bila posho.

Ila wanaosema hivyo wana picha ya maabara za ng'ambo, ambako mwanafunzi huhesabu mishtuko ya panya waliopewa kemikali ya kuwaletea kifafa. Kwetu swali zito liko kwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini, watu watatu kati ya wanne wenye kifafa hawapati tiba wanayohitaji. Watatu kati ya wanne! Na hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Fenobabitoni, mojawapo ya dawa za kifafa, si ghali, kwa hiyo bei peke yake haielezi pengo hilo. Kuna dawa kuisha zahanati, kuna nauli, kuna mganga, kuna mtoto anayefichwa ndani kwa imani kwamba povu lake linaambukiza. KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, inapokea wagonjwa tangu 1971, lakini anayefika pale tayari amevuka vikwazo vyote hivyo. Wasiofika ndio wa kutafutwa, na hadubini haiwaoni.

Tena kifafa hutambuliwa kwanza kwa maelezo ya aliyeshuhudia. Kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kutoka safi kwa mtu aliyeanguka juzi. Alianza kutikisika upande gani? Macho yaligeukia wapi? Kijana wa Rombo anayejua kumwamkia bibi kwa Kichaga, kisha akatulia, atayapata hayo. Huo si ukarani.

Vivyo hivyo kwa tegu wa nguruwe, anayeleta kifafa viluwiluwi vyake vikitua kwenye ubongo. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha binadamu, hivyo hata asiyegusa kitimoto anaweza kuyameza. Anayechunguza hilo ataanzia chooni na bandani.

Kinachonitia wasiwasi ni siri. Mwenye lugha ya kijiji ndiye pia mwenye shangazi sokoni, na binti anayesubiri kuposwa hatafungua mdomo mbele yake. Msimamizi ampangie mwanafunzi kata isiyo yake, na asaini ahadi ya siri kabla ya kukabidhiwa fomu hata moja.