Stori ya ng'ombe wa mama, toleo langu

Sasa kwa vile kuna jamaa (anajijua, na bado ana chaja yangu) ameshaipeleka hii stori hadi kwa grupu ya watu tulisoma nao, na kwa toleo lake ati mimi nilizimia, wacha niwaambie mwenyewe vile ilikuwa. Sikuzimia. Nilikaa chini. Kukaa chini si kuzimia.

Mnajua msimamo wangu. Hapa Kondele, Kisumu, kwa kibanda cha chai wananiita Komishina wa Data, juu mimi ndio yule wa kubandika selotepu kwa kamera ya laptopu, mimi ndio wa kubishana na askari wa geti mbona ameandika namba yangu ya kitambulisho kwa kitabu kimelala wazi hapo kila mtu anasoma, na 2023 wakati watu walipanga laini kwa ukumbi wa KICC Nairobi ndio Worldcoin, ile mradi ya sarafu ya mtandaoni, iwapige macho picha walipwe kitu kama elfu saba, niliwatukana hapa hadi binamu yangu akaniblok (kumbe alikuwa kwa laini). Serikali iliposimamisha hiyo kitu Agosti mwaka huo huo nilitembea mtaani kifua mbele ungedhani ni mimi nilipiga sahihi.

Halafu kazi ikaisha. Hiyo wengi wenu hamkuwa mnajua hadi Jumapili, tunakuja hapo. Tulikuwa tunaandikia watu wa ng'ambo programu, mshahara unaingia vizuri, asubuhi moja nywila imekataa na barua ya kwaheri iko kwa email ya nyumbani. Na usiniambie ningeenda kampuni kubwa, Meta, wenye Facebook, ilitoa watu 11,000 Novemba 2022, Google ikatoa 12,000 Januari 2023, huko ndio wanafuta kwa jumla. Mama sikumwambia. Mama ametangazia soko yote ya Luanda kijana wake ni injinia wa kompyuta, sasa ungeanzia wapi?

Tuje kwa ushahidi. Simu yangu ilikuwa imeanza kuniletea mambo. Mimi sina ng'ombe, sijawahi kukama, lakini kila nikifungua ni video ya kutibu kiwele, tangazo la chumvi ya mifugo, kwaya, bei ya mbegu ya napia, kwaya ingine. Nikakumbuka kuna siku mama alinipigia akalia sana juu ya ng'ombe wake. Si ndio hiyo sasa! Wanasikiza! Nikaeleza kibandani, nikaeleza mtu wa boda tukiwa barabarani na upepo wote huo, mwisho pasta wa vijana akasikia akaniambia, "Brada, njoo uwafungue vijana macho baada ya ibada."

Kile sikuambiwa ni pasta alipigia mama akamwalika. Nilimwona tu amekaa laini ya tatu, kitambaa kichwani, kikapu cha ndizi kwa magoti, anatabasamu.

Nilianza vizuri aki. Niliwapa sheria ya 2019 ya kulinda data, vile una haki ya kuuliza kampuni imeweka nini juu yako. Niliwapa Cambridge Analytica, ile kampuni ya Uingereza ya kutumia data ya watu kwa siasa, vile mabosi walinaswa na kamera ya siri wakijisifu walifanya kampeni za hapa Kenya 2013 na 2017. Wazee wanatikisa kichwa. Hapo ndio shetani akanishika mkono nikasema, "Msiniamini mimi, wacha niwaonyeshe." Nikafungua ile sehemu ya akaunti inaonyesha kila kitu umewahi kutafuta, projekta ikatupa ukutani, herufi kubwa, chini ya msalaba.

Hotspoti inavuta pole pole, mistari inatokea mmoja mmoja. Wa kwanza: "kiwele kimevimba maziwa iko na damu." Nikausoma kama wakili wa serikali. "Jameni, mimi niko na ng'ombe?"

"Hapana!"

"Tangawizi inashusha presha." "Mimi niko na presha?"

"Hapana!" Mtu akasema ameni. Nikapandwa. Sasa sikuwa hata nasoma kwanza, natamka tu vile inatokea.

"Mtoto amefutwa kazi anaficha mama afanye nini."

Nikageukia watu, mikono juu. "Mimi niko na mtoto? Mtoto wangu amefutwa kazi?"

Kimya. Feni inazunguka. Hakuna hapana. Nikaangalia ukuta, na hapo chini yake mstari ingine ndio ilikuwa inamaliza kufunguka, na hiyo niliijua, niliandika mwenyewe saa nane usiku: "jinsi ya kuambia mzazi umefutwa kazi."

Nilisukuma panya ya laptopu, ikakwama. Nikaangalia huyo jamaa wa projekta nikimpigia macho azime. Akakuza maandishi. Ati watu wa nyuma hawaoni!

Mama akasimama, akaweka ndizi kwa kiti.

"Hiyo ni yangu, baba. Na ya ng'ombe pia ni yangu. Alipona."

Hapo ndio nilikaa chini.

Mjue tu, ile simu ya mama nilimnunulia mimi, na siku ya kuiwasha matatu ya mwisho ilikuwa inapiga honi na ile namba ya kuthibitisha haiingii, nikaweka akaunti yangu nikasema ni ya muda. Kwa hivyo akigusa mahali pa kutafuta dawa ya ng'ombe anakutana na usiku wangu wote. Akaelezea kanisa hivyo hivyo, kwa utaratibu, halafu akauliza, "Hata picha zako nazionanga. Yule msichana mlikula naye samaki huko ufuoni Dunga ni wa wapi?" Pasta akampelekea maikrofoni. Maswali yote ya siku hiyo yaliulizwa mama.

Na bado nasema nilikuwa na pointi. Kwa hao watangazaji sisi ni mtu mmoja, developa hana kazi, anaimba kwaya, ana ng'ombe na presha, na hiyo presha wao waliijua kabla yangu. Tumempeleka kliniki, amepewa tembe. Wa Dunga hajibu simu. Nimemfungulia mama akaunti yake, nikamuuliza nywila nimwandikie mahali, akakataa.

Kama kwenu wanaandika watu, naandika programu kwa Python na JavaScript. CV iko tayari, mama aliipata kwa simu kabla tutoe akaunti, amesema iko sawa ila nibadilishe hiyo picha.